Prometheus Panta kwa maabara ya Nairobi: iwe mashine ya pili

Kichupa cha trastuzumab, dawa ya kingamwili ya kutibu saratani ya matiti, kimelala nje ya friji usiku stima ilipopotea. Kingine kimefika hospitalini kikiwa kimebanana na pakiti ya barafu ndani ya kisanduku cha boda boda. Dawa bado ni nzima? Macho hayasaidii, kwa sababu kingamwili iliyoanza kuharibika huweza kuwa na maji maangavu sawa na iliyo salama. Wauguzi wa chanjo wana jaribio lao la kutikisa la kutambua chanjo iliyoganda, ila lile hutegemea chumvi ya alumini inavyotua chini ya kichupa. Kingamwili tiba hazina alumini, na kuzitikisa ni kuziongezea madhara.

Prometheus Panta, inayotengenezwa na kampuni ya NanoTemper ya München, Ujerumani, ni mojawapo ya mashine zinazotajwa sana maabara zinapotafuta jibu la maswali ya namna hiyo. Hukumu tuitangulize: ni mashine nzuri, haina mambo mengi, inatumia sampuli kidogo sana, na kazi ya kulinganisha shehena na shehena (shehena ni toleo moja la kiwanda) inaifanya vizuri na haraka. Lakini maabara ambayo bado haina HPLC, yaani mashine ya kromatografia ya maji, yenye kolamu ya kutenganisha protini kwa ukubwa isianze na hii. Namba inayotolewa na Panta, yaani joto ambalo protini hufunguka, hupendeza machoni, na hapo ndipo wengi huisomea mambo ambayo haisemi.

Kwanza inapima nini. Kingamwili ya aina ya IgG1 ina uzito wa kama kilodaltoni 150: minyororo miwili mizito ya takriban 50 kila mmoja, na miwili myepesi ya takriban 25. Minyororo hiyo imekunjwa kuwa vipande ambavyo kila kimoja kina uimara wake, yaani mikono miwili ya Fab inayoshika shabaha, na shina la Fc lenye CH2 na CH3. Ukiipasha joto polepole, havifunguki kwa pamoja. CH2 ndiyo dhaifu, huachia karibu na nyuzijoto 70. CH3 huvumilia hadi 80 na kitu. Fab hutofautiana sana kutoka kingamwili moja hadi nyingine. Ile ya trastuzumab huachia karibu na 82, kwa hiyo hatua yake huchanganyika na ya CH3 na usitegemee kuziona mbili.

Mashine humulika sampuli kwa mwanga wa nanometa 280 na kupima mwanga unaotolewa na triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, katika nanometa 330 na 350. Triptofani iliyofichwa ndani ya mkunjo hung'aa zaidi upande wa 330. Protini ikifunguka na triptofani ikagusana na maji, mwanga husogea kuelekea 350. Uwiano wa 350 kwa 330 ukichorwa dhidi ya joto hupanda kama ngazi, na kila kipandio ni kipande kimoja cha kingamwili kikiachia. Katikati ya kipandio ndiyo Tm. Pale mstari unapoanza kuinuka ndipo kufunguka kunapoanza, na kwa mtu wa uthabiti namba hiyo ya pili ina uzito kuliko ya kwanza.

Hakuna rangi ya kuongeza. Jambo hili hupitwa haraka na wauzaji, wakati ndilo lenye faida kubwa kwa wanaopima dawa iliyokwisha tengenezwa. Maabara nyingi hupima Tm kwa mashine ya PCR na rangi ya SYPRO Orange, njia ya gharama ndogo na inayofaa protini safi. Tatizo ni kwamba dawa za kingamwili huwekwa polisobati (kitu cha jamii ya sabuni), 20 au 80, kuzuia protini isikwame kwenye kuta za kichupa. Rangi ile huwaka ikikutana na polisobati hata kabla protini haijafunguka, na mchoro wote unakosa maana. Hapa polisobati haikusumbui hivyo. Unapima dawa jinsi ilivyo.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Toa vichupa kwenye friji, viache dakika 30 vifikie joto la chumba. Trastuzumab ya unga ya miligramu 440 huyeyushwa kwa mililita 20 za maji, yakielekezwa taratibu kwenye keki ya unga, kisha kichupa kinazungushwa polepole bila kutikiswa; unapata miligramu 21 kwa mililita. Acha povu litulie dakika 5. Rituximab, kingamwili tiba nyingine, huja ikiwa maji tayari, miligramu 10 kwa mililita, na bevacizumab vivyo hivyo, 25. Zote hupimwa bila kuzimuliwa, kwani mashine inakubali hata sampuli nzito ya miligramu 250 kwa mililita. Weka mikrolita 15 kwenye kisima kidogo cha sahani ya maabara, chovya ncha ya mrija wa kioo, nao hujivutia wenyewe mikrolita 10. Mirija 48 huingia kwa mpigo mmoja.

Shika mrija kwenye ncha tu, ukiwa na glavu za nitrile zisizo na unga. Alama ya kidole katikati ya mrija hung'aa na kuingia kwenye kipimo kana kwamba ni sehemu ya sampuli. Tumia mirija mitatu kwa kila sampuli na mitatu ya bafa tupu (maji ya kutuliza pH ambamo dawa imeyeyushwa, bila dawa yenyewe), kisha uendeshe uchunguzi wa awali unaoonyesha kama mwanga unazidi uwezo wa kipokezi. Ukizidi, punguza nguvu ya taa. Usizimue sampuli kwa sababu ya uvivu, maana ukizimua umebadili pia uwiano wa polisobati na protini. Joto lipande kutoka 20 hadi 95 kwa nyuzi 1 kwa dakika. Hizo ni dakika 75. Ukiharakisha hadi nyuzi 5 kwa dakika utamaliza upesi, ila Tm itasogea juu na vipandio vilivyokaribiana vitameza vingine. Kasi yoyote utakayochagua, usiibadilishe katikati ya uchunguzi mmoja.

Sasa jambo la Nairobi ambalo mwongozo ulioandikwa München hautalikumbuka. Jiji hili liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzijoto 94 hivi. Programu inayofika 95 inavuka kiwango cha kuchemka. Mapovu yakitokea ndani ya mrija, mstari huanza kuruka kuanzia 90 kwenda juu, na asiyejua atadhani protini inaganda mabonge. Ziba ncha za mirija kwa lahamu yake ya kuzibia, toa hewa kwenye sampuli kabla ya kujaza, na kwa kazi ya kila siku ya trastuzumab malizia kwenye 92. Hupotezi kitu, kwa sababu kila kipandio chake kimeshapita. Ukipima kingamwili ya rejea ya NIST, taasisi ya viwango na vipimo ya Marekani, iitwayo RM 8671, jambo ni tofauti: Fab yake ni ngumu mno, huachia karibu na 94, na hapo mirija iliyozibwa si hiari.

Kusoma matokeo. Mirija mitatu ya sampuli moja ikipishana zaidi ya nusu nyuzi, shaka iwe kwa mpimaji kabla ya dawa. Kwa kawaida hupishana sehemu ya kumi au mbili za nyuzi. Tofauti ya sehemu mbili za nyuzi kati ya shehena na shehena haimshtaki mtu. Tofauti ya nyuzi 1 kwenye CH2, ikirudiwa siku nyingine na mpimaji mwingine, ina sababu, na sababu hiyo itafutwe: pH imeshuka, methionini (asidi amino) za Fc zimeoksidishwa, au sukari zilizounganishwa kwenye CH2 si zilezile. Methionini 252 na 428 za mnyororo mzito zikioksidishwa, CH2 hulegea na Tm yake hushuka. Hapo Panta inaonyesha kweli.

Mtego unaonasa wengi zaidi ni bafa. CH2 huchukia asidi. Kingamwili ile ile ikitolewa kwenye pH 6 na kuwekwa kwenye pH 5, Tm yake ya kwanza huteremka waziwazi. Trastuzumab iko kwenye histidini na trehalosi karibu na pH 6, rituximab kwenye sitrati na chumvi pH 6.5, bevacizumab kwenye fosfeti ya sodiamu na trehalosi pH 6.2. Kuziweka tatu hizi kwenye jedwali moja na kusema ipi ni thabiti zaidi ni kulinganisha bafa na bafa. Linganisha dawa moja, uundaji mmoja. Mkitaka zaidi ya hapo, hamisheni zote kwenye bafa moja kwanza.

Mtego wa pili ni wa trastuzumab ya miligramu 440 pekee. Huuzwa pamoja na maji yenye pombe ya benzili asilimia 1.1, kihifadhi kinachoruhusu kichupa kitumike siku 28 kikikaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Famasia nyingine huyeyusha kwa maji safi ya sindano yasiyo na kihifadhi. Pombe ya benzili hulegeza mkunjo wa protini na hushusha Tm. Vichupa viwili vya shehena moja, kimoja kikiwa na kihifadhi na kingine bila, vitatoa namba mbili, na asiyeuliza vimeyeyushwa kwa nini ataandika ripoti ya dawa mbovu ambayo haina kasoro. Fomu ya kupokea sampuli iwe na swali hilo.

Trastuzumab ya kudunga chini ya ngozi, miligramu 600 kwa mililita 5, huingia mashine bila shida ingawa ni nzito. Ina kimeng'enya cha hyaluronidesi pia, lakini kidogo mno mbele ya miligramu 120 za kingamwili kwa mililita, kiasi kwamba mwanga wake haujitokezi. Mtu asikwambie kwamba Panta imethibitisha kimeng'enya hicho kiko sawa.

Tuje kwenye udhaifu mkubwa. Tm ni wastani wa molekuli zote zilizo kwenye mrija. Kama asilimia 5 ya kingamwili imeshikana mabonge na 95 iko salama, kipandio huchorwa na zile 95, na Tm hubaki pale pale. Asilimia 5 ya mabonge ni balaa kwa dawa ya mshipani, maana mabonge ndiyo huamsha kinga ya mwili dhidi ya dawa yenyewe. Kwa hiyo ripoti inayosema Tm haijabadilika, dawa iko sawa, ni ripoti ya hatari. Yanayotokea kwenye kichupa kilicholala nje usiku mmoja katika nyuzijoto 22 ya Nairobi hayafiki popote karibu na 70, na mara nyingi mstari utafanana na wa kichupa kilichokaa kwenye friji muda wote.

Anayesema ukweli kuhusu mabonge madogo ni kolamu. Maelekezo ya sura ya 129 ya USP, kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani, yanafaa kuanzia: kolamu ya milimita 7.8 kwa 300, mwendo wa mililita 0.5 kwa dakika, kipimo kwenye nanometa 280, dakika 30 kwa sampuli. Bafa yake kwa lita ni gramu 10.5 za fosfeti ya dipotasiamu, 19.1 za fosfeti ya potasiamu yenye hidrojeni mbili, na 18.6 za kloridi ya potasiamu, pH 6.2, ichujwe kwa mikroni 0.2. Chumvi hizo zinapatikana Nairobi bila taabu, zile zile za maabara za vyuo. Kolamu hukutenganishia molekuli moja, mbili zilizoshikana, na vipande vilivyokatika, na kukupa asilimia ya kila kundi. Makosa yake ni ya kawaida: bafa ya chumvi ikiachwa ndani ya pampu wikendi nzima huganda fuwele na kukwangua mihuri. Osha kwa maji, kisha uhifadhi kolamu kwenye kiyeyushi alichoagiza mtengenezaji.

Panta hujitetea kwa kipimo chake cha pili, mtawanyiko wa mwanga, kwenye mrija ule ule. Hapa inastahili sifa. Kingamwili moja ina nusu kipenyo cha nanometa 5 hivi. Nguvu ya mwanga unaotawanywa hukua kwa nusu kipenyo kikizidishwa chenyewe mara sita, hivyo bonge la nanometa 50 hutawanya mwanga mara milioni moja kuliko kingamwili moja. Mabonge machache kabisa, ambayo kolamu ingeyazuia kwenye kichujio chake bila kukuambia, huonekana mara moja. Kinyume chake pia ni kweli: kingamwili mbili zilizoshikana hazitofautishwi na moja, kwa sababu ukubwa haujapishana vya kutosha. Kolamu inaona kile ambacho mwanga hauoni, na mwanga unaona kile ambacho kolamu hukizuia. Hiyo ndiyo sababu tunaiita mashine ya pili.

Kwa kichupa kinachoshukiwa kuganda, anzeni na mtawanyiko. Maji yakigeuka barafu, protini husukumwa kwenye mifereji iliyobaki ambamo kila kitu kimekolea, na nyingine hujeruhiwa kwenye uso wa fuwele. Bafa ya fosfeti ya sodiamu huongeza tatizo, kwani chumvi yake ya alkali hutangulia kuganda fuwele na pH hushuka, ingawa trehalosi iliyomo kwenye bevacizumab hupunguza makali hayo. Histidini haiyumbi kiasi hicho. Baada ya kuyeyuka, kundi kubwa la molekuli hujikunja sawasawa tena, Tm ikatoka safi, huku mabonge machache yakibaki yanaelea.

Na hapa kuna kosa moja la mazoea. Vumbi huharibu kipimo cha mtawanyiko, kwa hiyo watu hufundishwa kuzungusha sampuli kwenye sentrifuji, dakika 10 kwa 10,000 g, yaani mara 10,000 ya uvutano wa dunia. Ni ushauri mzuri kwa anayetafuta ukubwa halisi wa molekuli. Kwa anayetafuta mabonge ya dawa iliyoganda, amekwisha yazamisha chini ya kichupa kabla ya kupima. Pima mara mbili, kabla na baada ya kuzungusha, na bafa tupu ipite njia hizo hizo ili vumbi lijitaje lenyewe. Kumbuka pia kuingiza mnato wa bafa yenye trehalosi kwenye programu. Ukiacha mnato wa maji matupu, kila kitu kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Zaidi ya hapo kuna mambo ambayo Panta haiyaoni kabisa. Asidi amino mbili za trastuzumab, asparajini ya 30 ya mnyororo mwepesi hupoteza amonia, na aspateti ya 102 ya mnyororo mzito hubadilika umbo, zote mahali inapokamatia shabaha. Mkunjo unaweza kusimama imara huku uwezo wa kushika ukipungua. Hilo hutafutwa kwa kromatografia ya kubadilishana ioni na kwa jaribio la kushikamana na HER2, protini ambayo ndiyo shabaha ya trastuzumab. Chembe kubwa za mikroni 10 na 25 nazo zina mashine yake ya kuhesabu na mipaka yake: kwa kichupa kisichozidi mililita 100, zisizidi 6,000 za mikroni 10 na kuendelea, na 600 za 25 na kuendelea.

Wafamasia wa wodi nao waambiwe wazi: kichupa kilichovunja mnyororo baridi hakirudishwi kwa mgonjwa kwa sababu Panta imetoa mstari mzuri. Uamuzi huo hutoka kwa mwenye dawa na data zake za uthabiti, na taarifa iende kwa Bodi ya Famasia na Sumu pale ubora unapotiliwa shaka. Kazi ya mashine ni kuonyesha dawa imedhurika. Kuthibitisha haijadhurika kunahitaji vipimo vyote vilivyotajwa hapo juu.

Kwa matumizi ya kila siku mnahitaji sampuli ya udhibiti. RM 8671 ni kingamwili iliyochunguzwa vizuri sana, mikrolita 800 za miligramu 10 kwa mililita kwenye histidini pH 6.0, lakini kuitumia kila asubuhi ni kuimaliza bure. Inunuliwe ili kusimika mashine na kukagua robo kwa robo. Udhibiti wa asubuhi uwe shehena moja ya trastuzumab ambayo hospitali imeitoa kwenye matumizi kwa kupita tarehe, iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwamba si ya mgonjwa. Haihitaji kuwa bora. Inahitaji kuwa ile ile. Chora Tm yake ya CH2 siku hadi siku, na mstari ukianza kuteleza upande mmoja, safisheni mahali pa mirija kabla ya kulaumu dawa.

Kwenye zabuni, bei ya mashine ni sehemu tu ya maswali. Mirija hutumika mara moja na lazima iwe ya mashine hii, basi omba bei ya mwaka mzima na muda wa kuifikisha Nairobi, ikiwemo siku za forodha uwanja wa ndege wa JKIA. Uliza fundi anakaa wapi, na kama hayuko Kenya, nani analipa tiketi yake. Uliza kama kumbukumbu za kielektroniki zinazokidhi 21 CFR Sehemu ya 11, kanuni ya Marekani kuhusu kumbukumbu hizo, zimo ndani ya bei au ni nyongeza. Na UPS, kifaa cha betri kinachoshika stima ikipotea, iwe ya aina ya online, ikibeba mashine na kompyuta yake pamoja: mpigo wa dakika 75 ukikatwa kwenye nyuzijoto 78, mirija yote 48 hutupwa, kwa sababu protini iliyokwisha funguka haianzi upya.